Busu la Fundi Makochi

Jumatatu, saa tisa alasiri, fundi makochi alitema misumari saba kiganjani, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, akambusu mpishi wa shule.

Halikuwa busu la shavuni. Lilikuwa busu lenyewe, la watu wazima wawili ambao kila mmoja alishamzika mwenzi wake wa ndoa na kudhani mambo hayo yamemwishia. Kochi la mpishi, la watu wawili tu, lilikuwa karakanani mwezi wa nne sasa. Kazi yenyewe ya siku tatu. Mtaa mzima ulijua kinachochelewesha, isipokuwa wao wawili, ambao bado walikuwa wanasingizia sponji.

Kila Jumatatu mpishi akitoka kazini alipita "kuangalia kochi." Fundi humtolea kiti, na mpishi humtegea kitendawili, maana alikuwa na vitendawili kama alivyokuwa na vijiko. Siku hiyo alitega hivi: "Nyumba yangu ina walinzi weupe safu mbili, na mwenye nyumba ni mwekundu, hana hata mfupa."

"Mdomo," fundi akajibu. "Meno na ulimi."

Basi kwa kuwa walikuwa wanazungumzia mdomo, yakatokea yaliyotokea.

Mpishi alirudi nyuma hatua moja. Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka taratibu.

"Kaa kwanza," alisema. "Leo nilikuja na neno. Umenitangulia."

"Neno gani tena, mama?"

"Naishi na virusi vya UKIMWI. Mwaka wa kumi na mmoja huu. Nameza dawa kila siku, sijakosa. Sikutaka mambo yetu yafike mbali na wewe hujui. Kadi yangu ya kliniki hii hapa, nimeibeba uione kwa macho yako."

Akawa anafungua mkoba. Lakini fundi hakutazama mkoba. Ulimi wake ulikuwa umeshafika pale panapouma, ndani ya mdomo.

Mtu asiyeijua kazi ya makochi hawezi kuelewa. Mkono wa kulia una nyundo, wa kushoto unavuta kitambaa kisilegee, na misumari nani ataishika? Mdomo. Fundi huijaza misumari midogo mdomoni, anaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja, nyundo inaupokea. Miaka arobaini alifanya hivyo, na kwa miaka arobaini midomo yake kwa ndani haikuwahi kupona sawasawa. Mchana ule ule msumari ulikuwa umemchoma. Alionja damu yake.

"Nina kidonda," alisema. "Huku ndani. Nina kidonda, na wewe umenibusu."

"Aliyembusu mwenzake ni nani?"

"Na sasa ndiyo unaniambia!"

"Ningekuambia saa ngapi, na mdomo wangu ulikuwa umeuziba wewe?"

Siku nyingine wangecheka mpaka washike mbavu. Fundi aliinuka, akaenda bombani pale pale mlangoni, akasukutua, akatema. Akasukutua, akatema. Mpishi alisema, "Nisikilize basi, kuna mambo ya kujua," naye fundi akainua mkono bila kugeuka, kama mtu anayemzuia mbwa. Alipotema mara ya nne, mpishi alifunga mkoba wake. Alitoka kupitia mbele, kichwa juu, na mkanda wa aproni ukining'inia nyuma kwa kuwa alikuwa amesahau kuifunga.

*

Binti wa fundi alikuwa mshonaji. Yeye ndiye aliyeshona nguo za makochi ya baba yake, na cherehani yake ilikaa mbele ya karakana. Nyuma yake ndiyo nyumba, vyumba viwili na jiko. Aliporudi jioni kutoka kununua uzi alimkuta baba yake ameinama juu ya karai, midomo imevimba kama mtu aliyekwenda kurina asali bila moshi.

"Baba, unanuka spiriti. Umeanza kunywa?"

"Nimesukutua."

"Kwa spiriti ya kutolea gundi?"

Mzee wa watu hakuwa na uongo wa kutosha kufunika midomo ile. Akasema yote. Akasema busu, akasema msumari, akasema kadi ambayo hakuitazama.

Binti alikaa juu ya kochi lisilo na sponji. "Nilijua," alisema. "Nilijua kochi lile lina mkosi."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliinuka akaenda jikoni, akachukua kikombe kimoja, sahani moja na kijiko kimoja. Kwa kuwa ni mshonaji, alikata uzi mwekundu akaufunga kwenye mkono wa kikombe, na mwingine kwenye shingo ya kijiko. Sahani ilimshinda kufunga, akaiweka peke yake juu ya kabati.

Mjukuu, mtoto wa darasa la kwanza, alikuja mbio kukaa mapajani kwa babu kama kawaida yake. Mama yake alimdaka kwa ukosi.

"Babu ana mafua."

"Mafua ya mdomo?"

"Ndiyo. Nenda kanawe."

Chakula kilipoiva, cha babu kiliwekwa kwenye kigoda karibu na mlango, kama cha mlinzi. Alikula katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akiwatazama wenzake mezani. Uzi ule mwekundu ulilowa supu, ukamgusa kidevu. Ndipo alipoonja kile alichomwonjesha mwanamke wa watu pale bombani. Akaweka kijiko chini.

"Sitaki tena," alisema.

"Umekula kidogo."

"Nimeshiba."

Asubuhi yake, Jumanne, binti alimpeleka mtoto shule, na badala ya kurudi akaenda mpaka mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa kwenye kikao. Akamwachia ujumbe karani: kuna jambo zito kuhusu jikoni, nitarudi. Kisha akarudi nyumbani. Ya ofisini hakuyataja, ila alimwambia baba yake waziwazi.

"Yule ndiye anayempikia mwanangu. Mimi siwezi kunyamaza."

Fundi aliweka nyundo chini. "Usithubutu. Lile kaniambia mimi."

"Siri ya kuua watoto wa watu?"

"Watoto mia nne wanakula mkono wake mwaka wa tisa huu. Nitajie mmoja aliyeugua."

Binti akatafuta wa kumtaja, hakumpata, akazidi kukasirika kwa sababu hiyo. "Ugonjwa huo hauonekani kwa macho, baba!"

"Basi mimi na wewe wote vipofu. Twende kwa wenye macho. Nimesikia kuna dawa za kuzuia, mtu anazianza ndani ya siku tatu. Kesho asubuhi twende kliniki. Wakikuambia una haki, nitakusindikiza kwa mwalimu mkuu mimi mwenyewe. Wakikuambia huna, utafunga mdomo wako mpaka uwe na mshono."

"Na wewe utafunga wako," binti akajibu. "Maana huo wako ndio uliotuleta hapa."

*

Kwenye kliniki karani wa mapokezi alikuwa na sauti ya kuuzia samaki.

"Mzee, presha ni mlango wa pili."

"Sikuja kwa presha."

"Sababu ya kuja?"

Fundi akainama kwenye kidirisha. "Busu."

"Nini?"

"Busu."

"Sema kwa sauti, mzee, mashine hii inapiga kelele."

"BUSU!"

Benchi zima liligeuka. Kijana mmoja wa kike alizika uso kwenye mtandio, mabega yakimtikisika. Mama mmoja wa makamo akasema, "Hongera, baba," na binti wa fundi akatamani sakafu ipasuke immeze pamoja na mkoba wake.

Muuguzi mshauri alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, na mikono isiyo na haraka. Alifunga mlango, akawaketisha.

"Haya, mzee wangu. Busu la namna gani?"

"La mdomo."

"Na ulimi?"

Fundi akatazama dari. Binti naye akatazama dari. Hakukuwa na kitu kule juu.

"Kidogo," fundi akasema.

"Dada, unaweza kusubiri nje."

"Nakaa," binti akasema akiuma meno.

Fundi alieleza habari ya misumari. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza, kisha akauliza kama mdomo wa yule mwenzake ulikuwa unatoka damu. Aliona damu kwake? Jino lililong'olewa, fizi inayovuja, kidonda chochote?

"Hapana. Mdomo wake ni mzima. Mzima kabisa," fundi akajibu, na kwa namna alivyolijibu hilo muuguzi akakohoa kidogo.

"Sasa nisikilize. Kidonda chako ni mlango. Umeacha mlango wazi, sawa. Mwizi ameingia?"

"Anaweza kuingia."

"Kama yupo. Kama barabara haina mwizi, mlango hata ukeshe wazi utaingia upepo tu. Mate hayaambukizi virusi hivi. Wala jasho, wala machozi. Virusi vinasafiri kwa damu, kwa shahawa, kwa majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na kwa maziwa ya mama. Ili busu liwe na hatari, damu yake ingepaswa kukutana na damu yako, na hata hilo ni la nadra mno. Kwenye kiti hiki nimekaa miaka ishirini, sijaliona."

"Kwa hiyo zile dawa za siku tatu?"

"Zipo, na ni nzuri. Kondomu imepasuka na hujui hali ya mwenzako, mtu amebakwa, mtu amechomwa na sindano iliyotumika, huyo asikae nyumbani kuona haya. Aje mbio, ndani ya saa sabini na mbili, na akija ndani ya saa mbili ni bora zaidi. Lakini kwa busu la mate hatuzitoi. Ningekuwa nakulisha vidonge vya mwezi mzima kwa kosa la kupendwa."

Binti alisogea mbele kwenye kiti. Muuguzi akaendelea:

"Huyo mwenzako anatumia dawa?"

"Miaka kumi na mmoja, kaniambia."

"Na kipimo cha wingi wa virusi kinasemaje?"

"Alitaka kunionyesha kadi." Sauti ya fundi ilishuka. "Sikuitazama."

Muuguzi alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Ungeitazama, pengine leo ungekuwa kazini kwako. Mtu anayemeza dawa sawasawa mpaka virusi havionekani tena kwenye kipimo, na akakaa hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Sisemi busu. Nasema ngono yenyewe, ya kitandani, taa imezimwa."

Kisha fundi akajikohoza, akavuta kiti karibu na meza, akawa kama mtu aliyeruhusiwa kuingia ghalani.

"Sasa naomba niulize yote, nisije nikarudi hapo kwa karani. Kwa mkono?"

"Kushikana? Hapana, haiambukizi."

"Jasho lake likinigusa?"

"Oga tu."

"Kwa mdomo... huku chini?"

"Baba!"

"Nyamaza, nimelipa nauli."

Muuguzi hakucheka. "Swali zuri hilo, wengi wanalikimbia. Kwa njia hiyo, hata na mtu asiyetumia dawa, hatari ni ndogo sana, ila si sifuri, hasa penye vidonda mdomoni. Na mtu ambaye virusi vyake havionekani, wasiwasi huo uondoe. Yapo magonjwa mengine ya zinaa, hayo kondomu inasaidia. Na kwa mdomo wako huo wa misumari, ngoja upone kwanza uwe mdomo wa binadamu."

Sasa ikawa zamu ya binti. Alikuwa ameyashika maswali yake tangu Jumatatu, na yote yakajikusanya kuwa moja. "Na kama anapika? Anapikia watoto?"

"Anapika kwa moto?"

"Ndiyo."

"Kwa mwiko?"

"Ndiyo."

"Basi watoto watapata shibe."

"Akijikata kidole?"

"Atakifunga, kama wewe unavyofunga chako ukichomwa na sindano. Virusi havipiti kwenye chakula, dada. Havipiti kwenye kikombe, wala kijiko, wala choo, wala kumpakata mtoto." Akamtazama binti kwa muda. "Na afya ya mtu ni yake. Ukiitangaza, virusi hutavigusa. Utamgusa yeye, na kazi yake, na usingizi wake."

Binti aliangalia mikono yake. Ilikuwa na vitundu vidogo vya sindano, vya siku nyingi.

Walimpima fundi. Kipimo kikasema hana. Muuguzi akamwambia kwamba kipimo hicho kinaeleza ya zamani, si ya Jumatatu. Akitaka moyo utulie kabisa arudi baada ya miezi mitatu, na aje na mwenzake, wazungumze wote watatu. Kisha akamshika kidevu, akamwelekeza dirishani.

"Lakini hii midomo imeungua kweli. Umeweka nini?"

"Spiriti."

"Ya hospitali?"

"Ya gundi."

Hapo ndipo muuguzi alipocheka, akacheka mpaka akashika meza. "Mwanamke wa watu hajakufanya kitu! Umejiunguza mwenyewe!"

Nyumbani, binti aliingia jikoni bila kuvua viatu. Alikata ule uzi wa kikombe kwa meno, akaukata na wa kijiko. Akachota maji kwa kikombe kile akayanywa yote, mtoto akimwangalia.

"Mafua ya babu yamepona?"

"Hayakuwa ya babu," alisema. "Yalikuwa yangu."

*

Jiko la shule lilikuwa banda refu nyuma ya madarasa. Alhamisi mchana, watoto wakiwa wameshakula, mpishi alikuwa ameingia nusu mwili ndani ya sufuria kubwa akilisugua. Alisikia hatua. Alizijua. Aliendelea kusugua.

"Hodi," fundi akasema.

"Kochi langu limekwisha?"

"Bado."

"Basi rudi likikwisha."

Fundi hakuondoka. Midomo yake ilikuwa inabanduka ngozi. "Nimekwenda kliniki. Nimeuliza kila kitu."

Mpishi alitoka ndani ya sufuria, povu mpaka kwenye viwiko. "Uliuliza kila kitu kliniki. Mimi uliniuliza nini?"

Fundi akabandua kipande cha ngozi mdomoni.

"Sikukasirikia woga wako," mpishi akasema. "Woga naujua. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza niliogopa hata kumkata mtoto wa dada yangu kucha. Lakini nilikuwa nimesimama pale, nina majibu yote mkobani, na wewe ukakimbilia bomba. Ukatema. Mara nne. Nilihesabu."

"Nilikosa."

"Ulikosa."

"Nilikosa sana, mama. Nisamehe. Na nyumbani nililipwa. Nilikula kwenye kigoda mlangoni, kijiko changu kimefungwa uzi."

Mkono wa mpishi ukasimama. "Nani alikufungia uzi?"

Hapo fundi akajua amekanyaga mwiba mwingine, na kwamba huu hauna budi kutoka leo. "Binti yangu. Nilimwambia. Midomo ilikuwa imevimba, akauliza, nikasema yote."

Mpishi akakaa juu ya gunia la maharage. Miaka tisa alikuwa amekula na walimu, amecheka na wazazi, ameitwa mama na watoto mia nne, na hakuna aliyejua alichomeza kila siku saa tatu. Sasa kulikuwa na mtu mwingine aliyejua, na mtu huyo alikuwa na mtoto darasa la kwanza.

"Midomo iliyovimba," alisema polepole, "ndiyo iliyotakiwa ifungwe."

"Alitaka kwenda kwa mwalimu mkuu. Nimemzuia. Naye kasikia kwa masikio yake, muuguzi kamweleza. Kuanzia jana hasemi hovyo."

"Hasemi. Lakini anafikiri nini, unajua?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui."

Fundi akavuta pumzi. "Nilikuja kukuposa. Najua si siku nzuri ya kuposa. Ila mimi nina umri wa kutokusubiri siku nzuri."

Mpishi karibu acheke, akajizuia, akaifunga aproni upya. "Posa haipelekwi na mwenye shida. Inapelekwa na mshenga."

"Nitafute nani? Ndugu zangu wamekwisha."

"Mshenga unaye nyumbani." Akainuka, akarudi kwenye sufuria. "Nyumba ile ni ya binti yako kama ilivyo yako. Siingii nyumba ambayo kijiko changu kitafungwa uzi. Mwambie aje yeye. Kwenye uwanja huu kuna njia mbili: ya kushoto inakwenda ofisini, ya kulia inakuja huku. Akija ya kushoto nitajua. Akija ya kulia, nitajua."

"Na mimi nimwamrishe?"

"Ukimwamrisha, usimlete. Sitaki mshenga wa kusukumwa kama toroli."

Jioni hiyo fundi alimweleza binti yake maneno yote, neno kwa neno. Binti alikuwa anashona. Kitambaa kilikwisha chini ya sindano, naye mguu wake ukaendelea kukanyaga, cherehani ikashona hewa muda mrefu kabla hajatambua.

*

Ijumaa, saa tano na nusu, mpishi alikuwa kwenye dirisha la jiko, anajifanya anachambua maharage yaliyokwisha kuiva.

Alimwona akiingia getini. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, mkoba begani, anatembea kama mtu anayehesabu hatua. Alifika pale njia zinapogawanyika akasimama. Akatazama kushoto. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, karani anaonekana mle ndani na chai yake. Mpishi akashika ukingo wa dirisha. Alishaanza kupanga akilini vitu vyake vya kubeba: mwiko wake mkubwa, ile aproni nyingine, viatu vya mvua. Vingeingia kwenye mfuko mmoja.

Binti akageuka kulia.

Alipofika mlangoni hakuingia. "Hodi, mama."

"Karibu."

"Kwanza sijui wanasemaje. Sijawahi kuwa mshenga."

"Wanaanza na salamu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, endelea."

Binti alifungua mkoba, akaufunga. "Mama, kabla ya hiyo posa nina deni la maneno. Jumanne nilikwenda ofisini. Baba hajui. Mwalimu mkuu hakuwepo. Angekuwepo, ningesema, na leo usingekuwa hapa. Si wema wangu uliokuokoa. Ni kikao cha walimu."

Mpishi aliacha maharage. Moto ulikuwa unapasuka chini ya sufuria. "Mbona unaniambia? Nisingejua."

"Ungeolewa nyumbani kwangu hujui. Mimi ningejua. Kila nikikupa kikombe ningejua." Akahamishia mkoba bega la pili. "Niliogopa kwa ajili ya mtoto. Na nilikuwa na wivu pia, nikisema kweli. Tangu mama afe, baba hajamchekea mtu hivyo. Hata mimi."

Wanawake wawili walitazamana. Mpishi ndiye aliyesogea. Hakumkumbatia, si mtu wa kukumbatia kabla ya chakula. Alichukua sahani, akapakua wali wa ukoko na maharage, akamsogezea.

"Mshenga hasemi na njaa."

Binti alikula. Alikula kwa kijiko alichotoka kuonjea mpishi mwenyewe, kilikuwa ndicho kilicho karibu. Alimaliza ukoko wote, akakwangua sahani.

"Ndiyo maana mwanangu halili vizuri nyumbani," alisema. "Kumbe hapa analishwa hivi."

"Sasa sema ulilotumwa."

"Sikutumwa. Nimekuja." Binti akasimama wima, akafuta mdomo. "Baba yangu anakutaka. Ni mzee, mbishi, anakoroma, na midomo yake kwa sasa haitamaniki. Na mimi nakutaka. Mtoto naye anakutaka, ingawa yeye sababu yake ni ukoko. Tunaomba uje nyumbani kwetu. Kadi yako ni yako, dawa zako ni zako, na mwenye la kusema aje aseme mbele yangu, mimi nina mkasi."

Mpishi alifungua mdomo ajibu, lakini mlango ulitiwa giza. Mwalimu mkuu alikuwa amekuja kuonja chakula, kama anavyofanya kila siku kabla ya kengele. Alimwona binti, akakunja uso akikumbuka.

"Ahaa, mama! Wewe si ndiye uliyeniachia ujumbe Jumanne? Jambo zito kuhusu jikoni. Nimekutafuta. Haya, nipo. Jambo gani?"

Mpishi aliweka mkono mezani, vidole vimetandazwa, hakumtazama binti. Kama lilikuwa la kuja, na lije sasa, akiwa amesimama.

"Ni zito kweli, mwalimu," binti akasema. "Linamhusu mpishi wenu."

"Amefanya nini?"

"Anaolewa."

Mwalimu mkuu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Anaolewa?"

"Na baba yangu, fundi makochi. Ila bado hajanijibu, umetukatiza. Kwa hiyo tunaomba Jumatatu apewe ruhusa, na mtafute wa kuosha haya masufuria, maana hayo makubwa peke yake yanamwumiza mgongo. Nimekuwa nikitaka kulisema hilo."

"Hilo ndilo zito?"

"Zito sana, mwalimu. Tumelibeba watu watatu wiki nzima."

Mwalimu mkuu akaanza kucheka. "Mpishi! Unakubali?"

Mpishi akamtazama binti, na binti hakukwepesha macho.

"Nakubali," alisema. "Mwambie baba yako nakubali. Na Jumatatu aje amenyoa."

Nje kengele ikalia, na watoto mia nne wakaanza kumiminika uwanjani na sahani zao. Binti alikuwa analia sasa, hata hakujificha, kwa hiyo hakuweza kupiga vigelegele, na mwalimu mkuu ni mwanamume. Mpishi alingoja kidogo. Kisha akatupa kichwa nyuma, akatikisa ulimi, na kigelegele kikatoka kirefu, kikali, kikapita juu ya mabati ya madarasa, watoto wakasimama na sahani zao kusikiliza. Tulifundishwa kwamba bibi harusi hajipigii vigelegele mwenyewe. Huyu alijipigia, na alipokata pumzi, akaanza upya.